Nyasi bandia Ggaba: Yatafutie maji njia kabla ya kufungua roli

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KWA mfanyabiashara anayevusha nyasi bandia kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hadi Kampala, safari ngumu hudhaniwa kuwa ile ya barabarani: kontena, forodha, mizani, Busia au Mutukula, kisha ghala. Kumbe hasara mara nyingi huanza baada ya hapo, kwenye ua wa mteja, siku mvua kubwa ya kwanza inaponyesha juu ya zulia jipya na maji yakakosa pa kwenda.

Zulia hufura katikati kama chapati. Mshono huachia. Baada ya siku chache harufu huanza, na mbu hufuata. Mteja hamtafuti fundi aliyetandika, kwa sababu fundi alilipwa siku hiyo hiyo na kuondoka. Humtafuta aliyemuuzia.

Ggaba ni mahali pazuri pa kulielewa tatizo hili. Mtaa huu uko kusini-mashariki mwa Kampala, katika Divisheni ya Makindye, ukingoni mwa Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Hapa pana soko la samaki, mwalo wa boti ziendazo visiwa vya Koome, mitambo ya kusafisha maji ya jiji, na mstari wa hoteli, baa na kumbi za harusi zinazotazama ziwa. Wenye kumbi hizo, pamoja na shule za chekechea na nyumba za kupangisha, ndio wateja wa nyasi bandia. Wanataka ua wa kijani mwaka mzima, bila vumbi na bila mtu wa kufyeka.

Ukanda wa chini, karibu na maji, una mchanga. Ukipanda kilima unakutana na moramu nyekundu. Kwenye mabonde kuna mfinyanzi na mafunjo. Katika mwendo wa dakika kumi kwa miguu unaweza kukanyaga udongo wa aina tatu, na kila mmoja una tabia yake na maji.

Mchanga nao hujaa

Imani iliyoenea ni kwamba ua wa mchanga hauhitaji mfereji, kwa sababu mchanga humeza maji. Ni kweli, lakini nusu tu. Mchanga hupitisha maji haraka, lakini hauyamalizi. Unayapeleka chini, na kinachofuata kinategemea kilichoko huko chini.

Hali ya kwanza ni maji ya ardhini kuwa karibu. Kando ya ziwa, mchanga wa uani na maji ya ziwa ni majirani wanaopeana mkono chini kwa chini. Ziwa likipanda, maji yaliyo ndani ya mchanga hupanda nalo. Wakazi wa Ggaba waliliona hilo mwaka 2020. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita moja ndani ya miezi michache kuanzia mwishoni mwa 2019, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mita 13.41 iliyodumu tangu 1964. Fukwe, vibanda na kumbi za kando ya maji ziliingiliwa. Mwaka 2024 ziwa likaivuka tena rekodi hiyo. Ua uliokuwa mkavu mwaka 2018 haukuwa tena na mahali pa kumwagia maji yake, kwa sababu shimo lenyewe lilikuwa limejaa.

Hali ya pili ni sahani ngumu iliyojificha. Juu kuna mchanga wa sentimita 30 au 40, chini yake mfinyanzi au moramu iliyoshindiliwa na malori wakati wa ujenzi. Maji hushuka upesi, hugota kwenye sahani hiyo, kisha hurudi juu. Mwenye nyumba huona dimbwi juu ya mchanga na kushangaa.

Hali ya tatu ni mchanga safi na mzito kwenda chini. Hapa maji hupotea, lakini huondoka na mchanga. Chembe ndogo huhama, mashimo hutokea chini ya zulia, na baada ya msimu mmoja ua huwa na mabonde ambayo kiti cha plastiki kinayumba juu yake.

Hesabu ya mvua na paa

Kampala hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi ikiwa kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Desemba. Mwaka si tatizo. Tatizo ni saa moja ya mvua kubwa.

Chukua ua wa mita 10 kwa 10. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake, hiyo ni lita 5,000, sawa na madumu 250 ya lita 20. Sasa ongeza paa la bati la mita za mraba 150 ambalo maji yake yanaanguka kwenye ua huo huo. Hizo ni lita 7,500 nyingine. Jumla ni madumu 625, na yote yamemwagwa kwenye ua mmoja kwa mkupuo mmoja.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo mafundi wengi hulipita: maji mengi ya uani hayatoki juu ya ua, yanatoka kwenye paa. Kwa hiyo gata na tangi huja kabla ya kokoto. Mwenye ua akivuna maji ya paa, zaidi ya nusu ya tatizo imeondoka bila kuchimba hata sentimita moja, na amepata maji ya kuoshea zulia lenyewe.

Chimba shimo kwanza

Kabla ya kupima mita za mraba na kutaja bei, muuzaji au fundi achimbe shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30, sehemu ya chini kabisa ya ua. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa kwa beleshi, na majibu yake ni matatu.

Shimo likianza kujaa lenyewe kutoka chini, maji ya ardhini yako karibu. Hapo hakuna mfereji wa kina wala shimo la kunyonya maji litakalosaidia.

Likibaki kavu, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa moja, mchanga ni mzuri. Yakishuka kidogo kisha yakasimama hadi kesho yake, kuna sahani chini. Chimbua ukutane nayo na upime iko kina gani.

Jaribio hili lifanywe msimu wa mvua au mara baada yake. Shimo la Januari au la Julai linaweza kukudanganya, hasa mtaa ambao ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Waulize majirani pia. Ukuta wenye mstari wa unyevu na chumvi ni shahidi asiyesema uongo.

Kila ua na dawa yake

Ua wenye maji ya ardhini karibu huinuliwa, hauchimbwi. Msingi wa zulia unajengwa juu ya usawa wa sasa, na maji ya juu yanaongozwa kwa mteremko hadi kwenye mtaro wa barabara. Lakini kuinua kuna masharti mawili. Kwanza, ua ulioinuliwa bila mfereji wa pembeni humsukumia jirani maji, na kesi za namna hiyo huishia kwa mwenyekiti wa LC1, yule mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Pili, kuna sheria ya ziwa, tutakayoifikia hapa chini.

Ua wenye sahani ngumu unahitaji mfereji wa kokoto. Mfereji huo huchimbwa hadi kuifikia sahani, hulazwa bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu, kisha hufukiwa kwa kokoto. Kama sahani ni nyembamba na chini yake kuna mchanga mwingine mkavu, inaweza kutobolewa kwa shimo lililojazwa mawe ili maji yapite. Kama ni nene, bomba lazima liwe na mahali pa kutokea.

Ua wa mchanga safi hauhitaji bomba refu. Unahitaji kufungwa usihame: ukingo wa zege au matofali kuzunguka pande zote, kitambaa cha kuchuja chini ya msingi, na kushindilia kwa uangalifu. Mchanga mkavu haushindiliki. Unyweshwe maji kwanza, upigwe ukiwa na unyevu.

Kazi yenyewe

Baada ya kujua aina ya ua, mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na takataka. Funga uzi kwenye vigingi na tumia pimamaji kuweka mteremko unaotoka kwenye nyumba kwenda nje. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita inatosha. Kwa ua wa mita 10, sentimita 1.5 kwa mita ina maana upande mmoja uko chini kwa sentimita 15. Jicho halitaiona tofauti hiyo, lakini maji yataifuata.

Kama kuna mfereji, ukae upande wa chini, na bomba lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Matundu ya bomba yatazame chini, kwa sababu maji huingia yakipanda kutoka kwenye kokoto. Funga kokoto zote kwa kitambaa cha kuchuja, ambacho mafundi wengine hukiita jiotekstaili. Hiki ndicho kitu ambacho wengi hukiacha ili kupunguza gharama, na ndicho kinachoamua kama mfereji utaishi mwaka mmoja au miaka kumi. Bila kitambaa, mchanga hupenya kati ya kokoto, mfereji huziba, na hakuna anayejua hadi zulia lifure.

Juu ya ardhi iliyoshindiliwa tandika kitambaa tena, kisha msingi wa kokoto zilizosagwa wa sentimita 10. Mwaga kwa tabaka mbili za sentimita 5, kila moja ishindiliwe kwa mashine. Kwa ua wa mita za mraba 100 hiyo ni mita 10 za ujazo baada ya kushindiliwa, kwa hiyo agiza kama 12 au 13, maana kokoto hupungua zikipigwa. Malizia na tabaka jembamba la vumbi la mawe la kusawazisha. Liwe jembamba kweli, kwa sababu vumbi jingi huziba njia ile ile uliyoijenga.

Usitumie mchanga wa ziwani kama msingi, hata kama uko mlangoni na ni rahisi. Punje zake ni za mviringo, zinateleza kama mahindi kwenye gunia. Kokoto zilizopondwa zina kona, hushikana zikishindiliwa, na bado huacha nafasi za maji.

Kabla ya kufungua roli, mwaga madumu kumi ya maji sehemu moja na usubiri nusu saa. Penye dimbwi parekebishwe sasa. Kurekebisha msingi kabla ya zulia ni kazi ya beleshi na toroli. Baada ya zulia ni kazi ya kisu, gundi mpya na maneno makali.

Zulia lenyewe pia likaguliwe. Mgongo wa nyasi bandia huwa na matundu ya kupitisha maji. Kata kipande, mwagia kikombe cha maji, angalia yanapita au yanakaa. Nyuzi zote zilale upande mmoja, mishono iungwe kwa utepe na gundi isiyoyeyuka kwa maji, na kingo zifungwe kwenye ukingo wa zege. Roli nyingi huja na upana wa mita 2 au 4 na urefu wa mita 25. Pima ua kwa kufuata upana huo, si kwa jumla ya mita za mraba pekee, vinginevyo mabaki yatakula faida.

Viwanja vya mpira vya ukanda huu vinafundisha jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Kaitaba mjini Bukoba na Nyamagana mjini Mwanza, vyote vikiwa miji ya kando ya ziwa hili hili, vina nyasi bandia, kama ulivyo uwanja wa KCCA pale Lugogo na kituo cha ufundi cha FUFA kule Njeru. Mtazamaji huona kijani tu. Gharama ya kazi kama hizo iko pia chini ya kijani hicho, kwenye tabaka za mawe na njia za maji ambazo kamera haizioneshi.

Maji yanaishia wapi

Swali hili Ggaba lina uzito kuliko mitaa mingine. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala husafishwa hapa, yakivutwa kutoka ghuba hiyo hiyo ambayo pia hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo kutoka katikati ya jiji. Kinachotoka uani na kuingia ziwani kinarudi mezani, baada ya gharama ya kusafisha.

Nyasi bandia ni plastiki. Nyuzi hukatika kwa kukanyagwa na kwa jua, na mvua huzibeba. Mchanga wa kujazia kati ya nyuzi nao huhama. Kwa hiyo mwisho wa mfereji uwe na shimo dogo la zege lenye wavu, ambapo mchanga hutuama na nyuzi hunaswa, na lisafishwe kila msimu. Bomba la uani lisiunganishwe na la maji machafu ya choo, wala lisielekezwe ziwani moja kwa moja.

Kuna pia sheria. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria. Kujaza udongo, kuinua ua au kujenga ndani ya ukanda huo si jambo la fundi na mteja peke yao. Ni la NEMA, mamlaka ya mazingira, na mtaro wa barabara ni wa KCCA, mamlaka ya jiji. Mteja akikuambia ua wake umegusa mafunjo, muulize kibali kabla ya kumuuzia hata mita moja.

Ni haki pia kumwambia mteja ukweli kwamba si kila ua unafaa. Nyasi bandia huwaka joto juani kuliko nyasi hai. Mahali panapojaa ziwa kila likipanda, nyasi za kawaida za paspalum, zinazoota bila shida kwa mvua ya Kampala, zitanyauka na kurudi. Zulia lililolala chini ya maji ya ziwa kwa mwezi mmoja hurudi na tope na harufu isiyotoka.

Biashara iko pia chini ya zulia

Kwa wasomaji wetu wa mpakani, somo la Ggaba lina upande wa pesa.

Nyasi bandia zikitoka China haziwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa zimepita Nairobi au Mwanza. Cheti Rahisi cha Uasili, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo kuvusha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Anayejaribu kuvusha roli za China kwa cheti hicho anaweka mzigo wote rehani. Kwenye nyaraka andika nyasi bandia, usiandike mazulia kwa ujumla. Toleo la 2022 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa lilizipa nyasi bandia vifungu vyake ndani ya kundi la 57.03 la mazulia, na maelezo yenye utata huleta ukaguzi, kuchelewa na ada za ghala.

Mabomba ya PVC ni hadithi nyingine. Yanatengenezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwenyewe, na yanayotimiza masharti ya uasili huvuka bila ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Mfanyabiashara anayeleta roli pekee anashindana kwa bei na duka la jirani. Anayeleta roli, kitambaa cha kuchuja, bomba lenye matundu, utepe na gundi, kisha akamtuma fundi achimbe shimo la sentimita 60 kabla ya kuandika ankara, anauza ua mkavu, na huo una bei yake.

Andika pia dhamana kwa maneno ya wazi. Iseme muuzaji anabeba nini, kama vile rangi kufifia au nyuzi kung'oka, na nini ni cha mwenye ua, kama vile gata lililovunjika au mtaro ulioziba. Ambatanisha matokeo ya shimo na picha ya msingi kabla ya kufunikwa. Siku mteja atakapopiga simu katikati ya mvua za Aprili, karatasi hiyo na picha hiyo vitamaliza mazungumzo ambayo vinginevyo yangechukua wiki nzima na kula faida ya kontena.